Aliyemwopoa Samueli Hakuuliza Matokeo: Mabadiliko ya Mhusika Kijana na Msaada Anaoupokea

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka nawe umewahi kusahihisha jibu la aina hii. Mtahiniwa ameulizwa aeleze jinsi mhusika fulani kijana anavyobadilika. Anajibu kwa sentensi tatu: alikuwa mtundu, akapatwa na mashaka, akatubu. Anafungia kwa methali, agh. asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha anasubiri alama zake. Nasi, kwa kuwa mwongozo wa kusahihishia unatutaka tutuze hoja, tunampa alama hizo na kuvuta karatasi inayofuata.

Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba jibu hilo, hata likipata alama zote, linaruka jambo ambalo waandishi wetu wamelishughulikia kwa makini sana. Jambo lenyewe ni msaada. Ni nani aliyemnyoshea kijana mkono? Aliunyosha kwa namna gani? Na kwa nini kijana aliupokea mkono huo, ilhali aliikataa mingine iliyotangulia?

Nitarejelea kazi tatu: riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, hadithi fupi "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, iliyomo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, na riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Hizi mbili za mwisho zilianza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2018 na zimekwisha kuzipisha nyingine, lakini nakala zake bado zimejaa katika makabati ya shule zetu na hazijapoteza thamani.

Hoja yangu kuu ni kwamba katika kazi hizi kijana hubadilika anapokutana na msaada usiotanguliza hesabu ya makosa yake. Pale ambapo hesabu inatangulia, kijana huangamia hata kama amekwisha kubadilika. Hoja hii sikuipata katika kitabu cha uhakiki. Niliipata kwa mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hapa Kisumu, na ni haki nianze naye.

Aya moja katika daftari

Shule zote nchini zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa madarasa mengi hawakurejea hadi Januari 2021. Ukingoni mwa Ziwa Viktoria miezi ile haikupita bure. Wavulana waliingia kazini: wengine kwenye bodaboda, wengine kuchimba mchanga, na wengi zaidi ziwani. Waliporejea, tuliwapokea watu wazima waliovaa sare za watoto.

Kijana ninayemzungumzia ameniruhusu nieleze kisa chake bila jina. Alirudi akiwa na miaka 17, simu nzuri kuliko yangu, viganja vilivyochubuliwa na kamba, na harufu ya bangi iliyomtangulia mlangoni. Alilala darasani. Aligombana na viranja. Alimjibu naibu wa mwalimu mkuu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwalimu wa ushauri nasaha alimwita mara tatu, na mara zote tatu alisimama penye kizingiti, akatazama sakafu, akasema, "Hakuna shida, mwalimu," akaondoka. Kufikia mwisho wa Februari kamati ya nidhamu ilikuwa tayari kumpeleka nyumbani kwa wiki mbili.

Wakati huo tulikuwa tunasoma "Mtihani wa Maisha". Niliuliza swali nililolizoea: tajeni sifa za Samueli. Ubao ukajaa upesi. Mwongo, mwoga, mzembe, mwenye kukata tamaa. Niliridhika. Yule kijana hakusema neno, nami sikumtarajia aseme. Kabla ya kengele nikawapa zoezi la kuandika aya moja kuhusu mhusika yeyote katika hadithi hiyo asiyekuwa Samueli.

Wengi walimwandika mwalimu mkuu au baba. Yeye alimwandika mpita njia aliyemwopoa Samueli bwawani, mhusika ambaye mimi katika kufundisha hadithi ile sikuwahi kumpa hata dakika tano. Aliandika hivi: "Huyu mtu aliyemtoa Samueli kwa maji hakujua amepata alama gani. Angejua pengine angesimama kwanza amuulize." Nilisahihisha "kwa maji" kuwa "majini" kwa kalamu nyekundu kabla sijatambua nilichokuwa nikisoma.

Nilirudisha daftari nikiwa nimeandika chini ya aya yake swali moja: Ni nani mwingine katika hadithi hii ambaye hamwulizi Samueli matokeo? Kesho yake akajibu kwa maandishi. Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, mazungumzo yetu yakipita katika daftari la fasihi na yakijifanya kuwa ya Samueli. Siku ya tano jibu lake halikuwa tena la Samueli. Lilikuwa la nyanya yake anayemlea, la dada yake mdogo aliyelazwa hospitalini mwaka uliotangulia, na la mwenye mashua aliyewakopesha pesa za matibabu. Deni lile alikuwa akilipa kwa kuvua omena usiku.

Nilichukua rejista ya darasa. Wanaoishi ziwani wanajua kwamba omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi unapokuwa mpevu, mashua nyingi hupumzika. Siku alizokosa shuleni mwezi wa Januari na Februari zilikuwa zimejikusanya kwenye giza la mwezi. Sisi tulikuwa tumemwandika "mtoro sugu", na hakuna aliyekuwa ameitazama rejista yenyewe.

Rosa wa Ukerewe: aliyebadilika bila wa kumpokea

Ziwa hili hili, upande wa Tanzania, lina kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, inaanzia huko. Nilipoanza kufundisha niliisoma kama wengi wetu tulivyofundishwa kuisoma: riwaya ya malezi, inayowaonya wazazi wakali na mabinti wasiojizuia. Maudhui hayo yamo. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua akiwa amezuiliwa kabisa kuwa karibu na wavulana, hata anapopata uhuru wa shule na chuo hana ujuzi wowote wa kuutumia, na anauharibu.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, tazama sehemu ya mwisho. Rosa hafi akiwa katika upotovu. Anakuwa mwalimu, anaacha mwenendo wake wa zamani na kujenga upya maisha yake. Kama tungetumia kipimo cha "alipotoka, akapata mashaka, akatubu", Rosa amepita mtihani. Kinachomwangamiza kinakuja baada ya toba. Charles, mchumba aliyempenda tangu utotoni, anagundua kwamba Rosa si bikira, naye anamwacha. Rosa anajitoa uhai.

Wahakiki wengi wamelijadili tukio hili kwa upande wa dini, jinsia na ukali wa jamii, na wanastahili kusikilizwa. Mimi naongeza jambo dogo la msuko. Kezilahabi ametenganisha vitu viwili ambavyo wanafunzi wetu huviunganisha: kubadilika na kupokewa. Rosa ametimiza la kwanza. La pili haliko mikononi mwake. Charles hamtazami Rosa aliye mbele yake. Anatazama hesabu ya zamani, na hesabu hiyo haifutiki. Zakaria alianza kwa kumwadhibu binti kabla hajakosa, na Charles anamaliza kwa kumwadhibu baada ya kuacha kosa. Kati ya wanaume hao wawili Rosa hapati mtu wa kumwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

Riwaya hii ilipotoka ilizua mzozo, na ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda. Waliohofu walidhani itawafunza mabinti upotovu. Nadhani kinachotisha zaidi katika Rosa Mistika ni swali inalotuachia sisi watu wazima: tunasema tunataka kijana abadilike, lakini je, akibadilika tuna mahali pa kumweka?

Samueli: mikono minne

Turejee kwa Samueli. Hadithi ya Kimaliro ni fupi, na ufupi huo unaturahisishia kuona jinsi watu mbalimbali wanavyomkabili kijana mmoja katika saa chache. Nimezoea sasa kuwaambia wanafunzi wahesabu mikono.

Mkono wa kwanza ni wa mwalimu mkuu, ambaye Samueli anamwendea ofisini kuchukua matokeo ya mtihani wake wa mwisho. Kijana ameanguka, na mwalimu mkuu anampa matokeo kwa dharau. Huyu ndiye mtu ambaye kwa kazi yake angepaswa kuwa wa kwanza kujua la kumwambia mwanafunzi aliyeanguka, maana kila mwaka wapo. Badala yake matokeo yanakuwa ndiyo mwanafunzi mwenyewe, na kwa kuwa matokeo ni mabaya, mwanafunzi hana thamani tena.

Mkono wa pili ni wa baba. Amejinyima kwa ajili ya karo, na ana haki ya kuumia. Samueli anamjua vizuri, ndiyo sababu anamdanganya kuhusu matokeo yale. Hapa ndipo wanafunzi huandika "Samueli ni mwongo" na kusonga mbele. Wasiachwe wasonge upesi hivyo. Waulizwe: uongo huu unamlinda nani, na dhidi ya nini? Kijana anayeogopa hesabu huificha. Uongo wa Samueli ni dalili ya aina ya msaada uliopo nyumbani: upo, ni wa dhati, lakini umefungwa kwa sharti la kufaulu. Dada zake wanafanya vyema masomoni, na kulinganishwa nao kunamwongezea mzigo.

Mkono wa tatu ni wa mpita njia. Mwandishi hampi historia ndefu, na nadhani ni kwa makusudi. Anaona mtu majini, anamtoa. Hamjui Samueli, hajui matokeo, hana karo aliyolipa. Mwanafunzi wangu aliona sawasawa: kutojua huko ndiko kunakomwezesha kutenda bila kusita.

Mkono wa nne ni wa mama. Yeye, tofauti na mpita njia, anaweza kujua kila kitu, na bado jambo linalotangulia kwake ni furaha kwamba mwanawe yu hai. Baba anabaki na uchungu wa matokeo. Kimaliro amewaweka wazazi hawa wawili upande kwa upande mwishoni ili tuone kwamba habari ile ile inaweza kupokewa kwa njia mbili. Mama hajasema kwamba kuanguka mtihani ni jambo jema. Amepanga tu mambo kwa utaratibu mwingine: uhai kwanza, alama baadaye.

Ni kwa sababu hii naiona anwani ya hadithi kuwa na maana zaidi ya ile tunayoitaja kwa kawaida. Tunasema Samueli ameanguka mtihani wa shule na nusura aanguke mtihani wa maisha. Ni kweli. Lakini watu wazima wanne nao wametahiniwa siku hiyo, na wawili kati yao wameanguka.

Umu, Dick na Sauna: mtoto anayesikilizwa na asiyesikilizwa

Chozi la Heri inalipanua suala hili. Imesukwa juu ya ghasia zinazofuata uchaguzi, na msomaji wa Kisumu anayekumbuka mwanzo wa mwaka 2008 hahitaji kuelezwa kwa nini familia katika riwaya hii zimetawanyika. Matei amejaza riwaya yake vijana wenye majeraha, na si rahisi kuwashughulikia wote katika makala moja. Nitawachukua watatu.

Umulkheri, au Umu, anabaki peke yake baada ya Sauna, mtumishi wa nyumbani, kuwaiba ndugu zake wawili, Dick na Mwaliko. Anakwenda mjini bila kujua pa kuanzia. Anayempokea ni Hazina, kijana wa mitaani ambaye Umu aliwahi kumsaidia kwa pesa siku za neema. Zingatia mpangilio huo. Msaada hautoki juu kuja chini, kwa tajiri kwenda kwa maskini. Unatoka kwa mtu ambaye jana alikuwa mwombaji. Umu anaweza kuupokea bila kujiona amedhalilika kwa sababu kati yao wawili kupeana kumekwisha kuanza.

Baadaye, katika Shule ya Tangamano, Umu anasikia visa vya wenzake. Zohali alipata mimba akiwa mwanafunzi, akateswa nyumbani hadi akaishia mtaani kabla ya kupata hifadhi. Chandachema alilelewa na nyanya, na baada ya nyanya kufariki, akafanya kazi katika shamba la majanichai. Kairu na Mwanaheri nao wana ya kwao. Sehemu hii wanafunzi huiona kama orodha ya visa vya kukariri. Nadhani ndiyo kiini cha mabadiliko ya Umu. Hakuna anayemhubiria. Anagundua kwa masikio yake kwamba yeye si wa pekee, na kugundua huko kunamfungua apokee wazazi wapya, Mwangeka na Apondi, wanapojitokeza kumlea.

Dick ndiye anayekaribia zaidi yule kijana wangu wa omena. Anatiwa katika biashara ya dawa za kulevya akiwa mtoto, chini ya vitisho vya Buda, na anaishi ndani yake kwa miaka. Hatimaye anajitoa, anaanzisha biashara yake halali ya vifaa vya umeme, na anakutana na dada yake katika uwanja wa ndege. Wanafunzi hupenda kusema kwamba Dick "alibadilika mwenyewe". Nusu ya jibu hilo ni kweli, kwani uamuzi ulikuwa wake. Lakini tazama anachopata baada ya uamuzi: anakubaliwa katika familia inayomlea dada yake. Dick anapata kile ambacho Rosa alikikosa.

Wa tatu ni Sauna, na kwa maoni yangu ndiye anayesahauliwa zaidi darasani. Tunamwandika "katili" na "mwizi wa watoto", na ni kweli, sheria inamfikia yeye na Bi. Kangara. Lakini Matei ametuonyesha pia Sauna aliyekuwa msichana mdogo, aliyenajisiwa na baba wa kambo, na aliyeamriwa anyamaze ili aibu isitoke nje. Mweke Sauna huyo kando ya Umu wa Tangamano. Wote wawili walikuwa wasichana walioumizwa. Mmoja alipata mahali pa kusimulia, mwingine alizibwa mdomo. Mwandishi hasemi kwamba ukimya unamwondolea Sauna hatia, wala sisi tusiseme. Anatuonyesha tu njia mbili zilipoachana.

Pingamizi moja

Nilipoyawasilisha maoni haya katika kikao cha walimu wa Kiswahili, mwenzetu mmoja mwenye uzoefu kunizidi alipinga. Alisema uhakiki wa namna hii unamlea kijana katika udhuru: atauza bangi, kisha atauliza kwa nini hakupendwa. Pingamizi hilo ni zito.

Jibu langu ni kwamba hakuna kazi hata moja kati ya hizi inayofuta kosa. Samueli atalazimika kuyakabili matokeo yake. Dick anapaswa kuiacha biashara ile, na anaiacha. Sauna anahukumiwa. Suala ni utaratibu. Mpita njia hawezi kumshauri Samueli kuhusu masomo kabla hajamtoa majini. Kutanguliza msaada si kukataa hesabu, ni kuiweka mahali ambapo kijana ataweza kuibeba.

Jinsi ya kufundisha

Ninapendekeza tubadilishe maswali kidogo tunapofikia mhusika kijana aliye matatani. Badala ya kuanza na sifa, tuanze na uhusiano. Mimi hutumia maswali manne, na wanafunzi huyajibu kwa kurejelea matukio:

1. Ni nani wanaojaribu kumsaidia au kumrekebisha kijana huyu, na kwa mpangilio gani?
2. Kila mmoja wao anajua nini kumhusu kabla ya kumsaidia, na anadai nini kwanza?
3. Kijana anaupokea au anaukataa msaada huo kwa namna gani? Je, kwa maneno, kimya, uongo au kutoroka?
4. Baada ya kubadilika, je, kuna anayempokea?

Jibu la sifa halipotei. Linapata mizizi. Mwanafunzi aliyeandika "Samueli ni mwongo" sasa ataandika kwamba Samueli anamdanganya baba yake kwa sababu upendo wa nyumbani umefungamanishwa na kufaulu, na atakuwa ametoa sifa, tukio na sababu. Katika karatasi ya tatu hoja ya namna hiyo haiwezi kukosa alama.

Tahadhari moja. Tunapofundisha tukio la Samueli bwawani au kifo cha Rosa, tukumbuke kwamba darasani huenda yumo aliyewahi kuwaza jambo hilo. Tusiyaache maneno kama "mwoga" na "mjinga" yabaki ubaoni bila kujadiliwa, kwa maana atayasoma kuwa yake. Tusikae juu ya namna tendo lilivyofanyika. Tukae juu ya waliofika na ambao hawakufika. Mwanafunzi akija baada ya kipindi, tumsikilize kabla ya kumpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na tumfahamishe kwamba ipo simu ya watoto, nambari 116, isiyolipiwa. Hata sheria yetu imesogea upande huo. Viboko shuleni viliharamishwa mwaka 2001. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka katiba. Samueli wa leo akiopolewa, hapaswi tena kuogopa korokoro.

Hitimisho

Msomaji atataka kujua mwisho wa kijana wa omena. Hakubadilika kwa siku moja, na hapa maisha yana mafunzo ambayo hadithi fupi haina nafasi ya kuyatoa. Alianza kwa kukubali chakula cha mchana pale shuleni, akisema kwamba atakilipia. Kisha alikubali kukaa na naibu wa mwalimu mkuu, mimi nikiwepo, na kuomba radhi. Mwalimu mkuu alizungumza na mwenye mashua, wakaelewana kwamba deni lilipwe polepole kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi pekee. Suala la bangi alilikubali mwisho kabisa, na mwalimu wa ushauri nasaha aliyekuwa akiambiwa "hakuna shida" ndiye aliyemsindikiza kliniki.

Wiki ya pili ya Machi, mwezi ulipoingia giza, alipotea tena siku nne. Katika kamati ya nidhamu ilisemwa kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Niliomba nafasi nikasoma ile aya ya daftari. Sikuongeza neno. Aliporudi Ijumaa hakuulizwa kwanza alikokuwa. Aliulizwa kama amekula. Majibu ya alikokuwa aliyatoa mwenyewe kabla ya saa saba.

Alifanya mtihani wake Machi 2022 pamoja na wenzake. Nikitaja kisa hiki mbele ya walimu, swali la kwanza huwa alipata gredi gani. Siku hizi huwajibu kwa kuwauliza wao kwanza jina la mpita njia katika "Mtihani wa Maisha", na tunaanzia hapo.